Rangi ya kinyago itulie vipi: jibu kwa mchongaji wa Mikindani

Swali lililonifikia, kwa ufupi: "Shikamoo fundi. Mimi ni mchongaji, nipo Mikindani. Nachonga vinyago vya uso na sanamu ndogo kwa mbao nyepesi, hasa msufi mwitu, kisha napiga rangi ya mafuta. Vikikauka vinang'aa kama midoli ya plastiki, na wageni wanavipita. Mwenzangu alinishauri nivifukie ardhini, nikavifukua vimeliwa na mchwa na rangi imebanduka. Nikajaribu dawa ya kiatu, ikawa inawachafua wateja mikono. Nifanyeje rangi itulie, kinyago kionekane kimekaa? Halafu kuna mteja wa Dar es Salaam anataka achukue vingi, awe anawaambia watu ni vya zamani. Nimkubalie?"

Marahaba, mwanangu.

Uko Mikindani, basi shule iko jirani. Kabla hujafungua kopo lolote, nenda kaitazame milango ya kuchongwa iliyobaki kwenye nyumba za zamani za mji. Nenda asubuhi, jua likiwa bado la ubavuni, vivuli vikuonyeshe kila mkwaruzo. Angalia panaposhikwa na mkono: rangi imeondoka hadi mbao iko wazi, na mbao yenyewe imelainika na kukolea kwa mafuta ya ngozi. Peleka jicho kwenye nakshi. Sehemu zilizojitokeza zimepauka, lakini ndani ya mifereji rangi bado ni nzito, na juu yake limegandamana vumbi. Shuka hadi chini, maji ya mvua yanaporukia: hapo mbao imegeuka kijivu na rangi imeinuka magamba magamba.

Jibu langu lote limo humo. Kinacholika ni kinachoguswa, na kinachochafuka ni kisichofikiwa na mkono wala kitambaa. Kinyago kinaonekana kimekaa pale jicho linapoweza kufuata jinsi kilivyotumika. Ukikwangua ovyo na kupaka uchafu kila mahali kwa kipimo kimoja, mtazamaji atahisi kuna jambo halijakaa sawa, hata asipoweza kulitaja.

Sasa rudi kwenye kazi yako. Kwetu huku Kusini kinyago cha uso kina nasaba yake, nayo ni mapiko ya Wamakonde, yale ya kuchezwa jandoni. Lipiko la kuvaliwa kichwani huvikwa kwa kuinamishwa, mchezaji akiona kupitia mdomo. Ukishajua hivyo, unajua pia litalika wapi: ukingo wa chini linaposhikwa wakati wa kuvaa na kuvua, masikio, ncha ya pua kwa sababu hulazwa kifudifudi, na midomo. Mashimo ya macho, nyuma ya masikio na kando ya pua hayaguswi, kwa hiyo huko ndiko uchafu unakokaa.

Na ndani, mwanangu! Hapo ndipo wachongaji wengi wa sasa wanapopasahau. Lipiko lililochezwa kweli ndani yake pamekolea jasho na pamelainika, na pale panapokaa kwenye paji na kisogo pameng'aa kwa kusuguliwa. Cha dukani ukikigeuza unakuta mbao nyeupe yenye alama mbichi za patasi, sura imepakwa uzee wa miaka hamsini na tumbo lake limetoka kuchongwa jana. Mnunuzi mwenye uzoefu hugeuza kwanza, ndipo atazame uso. Piga msasa ndani, pakaa chai ya rangi iliyokolea sana mara mbili tatu, ikikauka sugua nta kidogo sehemu za kugusa kichwa. Ni kazi ya nusu saa.

Tuje kwenye mng'ao. Rangi ya mafuta ya dukani imetengenezwa kwa ajili ya milango, madirisha na mageti. Inatakiwa ing'ae, ifunike, na ioshwe kwa maji ya sabuni. Ukiipiga kwenye kinyago inafanya kazi hiyohiyo: inafukia nyuzi za mbao na alama za patasi, na inatoa rangi moja sawasawa kutoka kisogoni hadi kidevuni. Huwezi kuituliza baadaye kwa kuipaka kitu juu. Ibadilishe.

Tumia rangi ya maji isiyong'aa, au changanya mwenyewe, mimi ndiyo ninayoipenda. Chukua gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja, maji sehemu tatu, kisha ongeza unga wa rangi hadi iwe nzito kiasi cha uji mwepesi. Nyekundu ipo, ule unga wa kupigia sakafu. Udongo mwekundu wa Newala uliochekechwa kwa kitambaa unatoa rangi ya kahawia yenye wekundu ambayo kopo la dukani halitakupa. Nyeusi ni masizi au mkaa uliosagwa sana. Nyeupe ni chaki ya kusaga. Jaribu kwenye kipande cha mbao, kikikauka kisugue kwa kidole kikavu. Unga ukibaki kidoleni, gundi ni ndogo. Ikianza kung'aa, gundi imezidi.

Lakini hata rangi nzuri haitashika mbao mbichi. Msufi mwitu hunywa maji mengi na hukauka polepole katikati kuliko juu. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei, na kinyago kilichochongwa mwezi wa Februari kinaweza kuonekana kikavu huku moyoni kina maji. Yale maji yakitoka baadaye yanasukuma rangi, nayo inabanduka. Kiweke kivulini penye upepo, juu ya fito, kisiguse sakafu, na ukipime kwa mizani kila wiki, hata ile ya muuza samaki inafaa. Uzito ukiacha kupungua, kimekauka. Usikianike juani ili kiwahi, kitapasuka usoni.

Mbao hii pia inapendwa na wadudu. Ukiona unga laini chini ya kinyago kila asubuhi, kinabunguliwa. Kabla ya kupiga rangi, kifunge kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa na ukiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima, hata mbili. Makumbusho makubwa hutumia njia hii kwa vitu vya mbao. Ukikitoa, usifungue mfuko hadi kipate joto la chumbani, la sivyo kitaloa umande. Jirani yako mwenye friza ya samaki atakusaidia, mradi ukifunge vizuri.

Kuna watu watakuambia upake mafuta ya maganda ya korosho, maana tunayo tele na wadudu wanayaogopa. Kwa nguzo, sawa. Kwa kitu kitakachoshikwa na mtoto wa mnunuzi, hapana kabisa. Yeyote aliyebangua korosho kwa mkono anajua yanavyochoma ngozi.

Kikishakauka, msasa namba 120, kisha 180. Usiendelee zaidi ya hapo kwenye mbao nyepesi, na usifute alama zote za patasi. Rangi inahitaji pa kushika, na uchafu utahitaji pa kukaa.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote ya ufundi: mpangilio wa vimiminika. Kila rangi na kila vanishi ina kitu kinachoiyeyusha, na ukipaka juu yake kitu chenye kiyeyusho hichohicho, unaiamsha ya chini. Na kila tabaka linahitaji kitu cha kulifunga, ndiyo maana dawa yako ya kiatu ilichafua mikono ya watu. Dawa ya kiatu ni nta, mafuta na rangi ya kuyeyuka. Haina kinachoifunga, na juu ya rangi ya mafuta yenye mng'ao haina hata tundu la kuingia. Inakaa juu tu, ikingoja kiganja chenye jasho.

Panga tabaka ili kila la juu lishindwe kuliyeyusha la chini. Kwanza rangi ya maji. Ikikauka, shelaki, vanishi ambayo huyeyushwa na spiriti na haiisumbui sana rangi ya maji iliyokauka vizuri. Juu ya shelaki, rangi ya uchafu iliyolegezwa kwa tapentaini, na tapentaini haiigusi shelaki. Kisha shelaki tena, nyembamba. Mwisho kabisa nta. Ukifuata hivyo unaweza kukosea tabaka la tatu, ukalifuta lote kwa kitambaa chenye tapentaini, na kazi ya chini ikabaki salama. Tina, ile ya wapuliza magari, iache hukohuko gereji. Inakula karibu kila kitu, na rangi ya mafuta inaikunja.

Shelaki inauzwa kwa vipande vyembamba vya rangi ya asali. Loweka gramu 120 kwenye lita moja ya spiriti usiku kucha kwenye chombo cha glasi au plastiki, chenye kifuniko, kisha chuja kwa kitambaa. Hiyo ni nyepesi, na ndivyo inavyotakiwa: mikono miwili myembamba, yaani tabaka mbili, kuliko mmoja mnene. Pwani ina tatizo lake. Siku yenye unyevu mwingi shelaki inashika maji ya hewani na kuwa na ukungu mweupe. Subiri saa nne au saa tano asubuhi, umande ukishaondoka, na usifanye kazi mvua ikikaribia. Ukungu ukitokea, pitisha kitambaa kilicholoa spiriti kidogo sana, unaondoka.

Sasa rangi zenyewe. Usipige moja. Vitu vilivyotumika miaka mingi vimepakwa na kupakwa tena, na kila panapolika, ya chini inachungulia. Piga nyeusi au nyekundu iliyokolea kwanza, kinyago kizima. Ikikauka, pakaa nta ya nyuki kavu, kwa kusugua tu kipande cha nta, pale ulipoamua kwamba mkono unagusa: ncha ya pua, ukingo, nyusi, kidevu. Pakaa mahali hapo tu. Kisha piga rangi ya juu, ile ya kahawia yenye wekundu, nyembamba, mikono miwili. Ikikauka vizuri, sugua kwa kitambaa cha gunia. Juu ya nta rangi haikushika, itatoka kwa umbo lisilotabirika, na nyeusi ya chini itatokea bila alama za msasa. Halafu chukua msasa namba 240 uliokwisha makali, pitisha sehemu zile ambazo umeamua zimelika hadi kwenye mbao. Ziwe chache. Ncha ya pua inatosha kuonyesha mbao ukubwa wa punje ya mahindi. Ukiacha mbao kila kona, umeshaharibu.

Mbao iliyofunuliwa hivyo ni nyeupe, na nyeupe mbichi inasema uongo wake waziwazi. Mahali palipolika kwa miaka pana rangi ya ngozi. Gusa kwa kitambaa chenye ile chai ya ndani, mara moja au mbili, ndipo upige shelaki.

Baada ya shelaki, uchafu. Kijiko kimoja cha rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea, chembe ya nyeusi, kijiko kimoja cha vanishi, vijiko viwili vya tapentaini. Pakaa sehemu moja kwa wakati, shavu moja, halafu jingine. Subiri dakika chache hadi mng'ao wa majimaji uanze kufa, kisha futa kwa kitambaa cha pamba, ukitoka bondeni kwenda kwenye vilima. Sehemu zilizojitokeza ziwe safi, mabonde yabaki na kivuli. Ikiwa bado inanata, chekecha vumbi la udongo mwekundu ndani ya mifereji kwa brashi kavu, na kesho yake pangusa lililobaki. Vumbi hilo ndilo linaloua mng'ao wa mwisho. Watu wengi hutafuta vanishi isiyong'aa, na mara nyingi vumbi linawatosha.

Kama vanishi yako au rangi yako ina mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, usikunje vitambaa ulivyofutia na kuvitupa kona. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe usiku. Vitandaze nje kimoja kimoja, au viloweke kwenye ndoo ya maji. Usiruke hili hata siku moja, karakana zetu zimejaa maranda.

Acha siku kadhaa hadi isinate kabisa. Shelaki mkono mmoja. Kisha nta: ya nyuki sehemu moja, tapentaini sehemu mbili au tatu. Yeyusha nta kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, ondoa, nenda mbali na jiko, ndipo umimine tapentaini. Ukitaka kuikoleza, tia masizi kidogo. Pakaa nyembamba, acha, sugua kwa brashi ya kiatu, kisha kitambaa. Sugua zaidi pale panaposhikwa, na mabondeni usisugue kabisa. Utapata mng'ao mdogo wa kushikwa kwenye pua na ukingo, na ufifi kwingine. Tofauti hiyo ndiyo uliyokuwa ukiitafuta kwenye dawa ya kiatu.

Kuna mtindo wa kupasua rangi kwa kupaka gundi nyeupe chini na rangi ya maji juu yake gundi ikiwa bado inanata. Inapasuka kweli, kwa mistari mizuri. Kwenye kinyago cha Kimakonde sikushauri. Mipasuko ya namna ile ni ya vitu vilivyopakwa tabaka nene la chokaa au plasta chini ya rangi, na sisi hatuna desturi hiyo. Mbao yetu nyepesi hupasuka kwa kufuata nyuzi zake, mpasuko mmoja mrefu kutoka kisogoni. Ukipata mpasuko wa asili wa namna hiyo usiujaze, upe rangi ya ndani na uuache.

Kufukia ardhini umeshajionea mwenyewe, sitakuongezea. Moshi ni tofauti. Kukitundika juu ya jiko la kuni kabla ya kupiga rangi kunakausha, kunafukuza wadudu, na kunaipa mbao rangi tamu ya asali iliyoungua. Baada ya rangi, moshi unanata juu na harufu yake haiishi.

Haya yote ni ya mbao nyepesi. Mpingo usiupake rangi. Ni mgumu na una mafuta yake, rangi haishiki, na mnunuzi wa mpingo analipia weusi wa Mungu. Msasa hadi namba za juu, kisha nta tupu. Na mti mweupe uliopakwa weusi ili uuzwe kwa jina la mpingo hautamdanganya anayejua: mpingo huzama ndani ya maji, na ukikwangua chini ya kitako haukutani na mbao nyeupe, isipokuwa ule ukanda wa nje wa rangi ya krimu.

Sasa huyo mteja wako wa Dar es Salaam. Usimkubalie.

Kukipa kinyago kipya sura ya kukaa ni ufundi halali, na watu huulipia wakijua wanacholipia. Kusema kimechezwa jandoni mwaka fulani wakati umekichonga juzi ni wizi, na waibiwa ni wawili. Mnunuzi ni mmoja. Wa pili ni wazee waliochonga mapiko yenyewe, ambayo yalikuwa ya siri na ya heshima kabla hayajawa bidhaa. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala akikusanya vitu vya wenyeji, na vikaenda kwenye makumbusho ya Leipzig. Mwaka 1984 lipiko liliibwa kwenye Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, likaja kununuliwa Paris na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva, na halikurudi nyumbani hadi 2010. Kila hadithi ya uongo inayoshonwa juu ya kinyago kipya inafanya iwe vigumu zaidi kufuatilia vile vya kweli vilivyopotea.

Tena uongo huo unamtia mnunuzi matatani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vifaa vya utamaduni vilivyotengenezwa kabla ya 1940, pamoja na milango ya kuchongwa ya kabla ya mwaka huo, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Mgeni akisimama uwanja wa ndege akasema kwa fahari kwamba kinyago chake ni cha babu fulani wa zamani, anaweza kunyang'anywa kitu ulichochonga mwezi uliopita. Na akifika kwao akampelekea mtaalamu, rangi yenyewe itasema: rangi nyeupe ya titani, iliyomo kwenye karibu kila kopo la rangi nyeupe la leo, haikuwepo sokoni kabla ya miaka ya 1910.

Chonga jina lako na mwaka ndani ya ukingo, herufi ndogo, kabla ya kupiga rangi. Mteja asiyetaka alama hiyo umeshajua anataka nini. Na siku ukiletewa lipiko la kweli la ukoo, lenye rangi inayobanduka, usiligeuze kuwa zuri. Pangusa vumbi kwa brashi laini, basi, na uwashauri wenyewe walipeleke makumbusho likaangaliwe.

La mwisho ni la safari. Kwenye pwani hii mbao hutulia ikiwa na unyevu wa asilimia 14 hadi 16 hivi, na nyumba ya Ulaya yenye mitambo ya joto wakati wa baridi itaushusha hadi karibu nusu. Mwambie mgeni asikitundike juu ya mtambo wa joto wala dirishani penye jua. Wewe usimkabidhi kilichopakwa nta jana: kipe wiki mbili. Kisha ukifunge kwa kitambaa cha marekani, si gazeti, kwa kuwa wino wa gazeti unahamia kwenye nta, na usikizungushie nailoni moja kwa moja, kwa kuwa inashika na kuacha mabaka.